Anayejiona Kutoka Kwenye Kenchi

Homa imepanda, mgonjwa amelala chali, ndugu wamejaa chumbani. Mara anajikuta yuko juu, karibu na kenchi, mwepesi, hana maumivu, anautazama mwili wake ulivyolala pale chini. Anawaona waliomzunguka, anamwona anayelia. Kisha anarudi ghafla, kama aliyevutwa kwa kamba. Ushuhuda wa namna hii haukosekani mkoani Mara, na anayeusimulia huku akitetemeka hasemi uongo. Tatizo linaanza pale wasikilizaji wanapoanza kuufasiri. Mlokole wa Musoma mjini atasema roho ilitoka ikarudishwa kwa sababu siku zake hazijatimia. Mzee wa Butiama anaweza kusema wahenga walimwita kisha wakamwachia. Jirani wa Bunda, hasa kama kuna ugomvi wa shamba au wa mifugo, atanong'ona kwamba mtu huyo alichukuliwa usiku, na aliyemchukua anajulikana. Fasiri hizi tatu zinapingana karibu kwa kila jambo, lakini zote zimesimama juu ya nguzo moja, kwamba kuna kitu kilichotoka kweli kikasimama mahali pengine. Nguzo hiyo ndiyo ninayotaka kuihoji. Naamini yaliyomkuta mgonjwa ni kweli kama tukio la nafsi yake, lakini hayathibitishi kwamba kitu chochote kilitoka. Yanaonyesha jambo jingine, na kwangu ni la ajabu kuliko safari ya roho: kwamba hata kujisikia uko ndani ya mwili wako ni kazi inayofanywa na ubongo kila dakika, na kazi hiyo inaweza kuharibika.

Tunaichukulia kuwa kitu cha kuzaliwa nacho hisia ya kuwa "hapa", nyuma ya macho haya, juu ya miguu hii. Mvuvi wa dagaa anayeshuka alfajiri kwenye mwalo wa Mwigobero baada ya usiku mzima ziwani anajua kwamba si hivyo. Amesimama kwenye mchanga mkavu, macho yake yanaona ardhi imetulia, lakini mwili wake bado unayumba na mawimbi. Katika sikio la ndani, kila upande, kuna mirija mitatu iliyopinda na vifuko viwili vidogo. Humo mna majimaji na chembe ndogo zinazosogea kichwa kinaposogea, na kwa njia hiyo ubongo hujua juu ni wapi, chini ni wapi, na kama tunakwenda au tumesimama. Usiku kucha ubongo wa mvuvi umezoea kuzifuta hesabu za mawimbi ili aweze kuvuta nyavu bila kuanguka. Anapofika nchi kavu unaendelea kufuta mawimbi yasiyokuwapo, na matokeo yake ni ardhi inayoyumba. Hakuna pepo aliyemwingia wala sehemu yake iliyobaki ziwani. Taarifa za macho, za sikio la ndani, za ngozi na za misuli na viungo zimekosa kukubaliana kwa muda, na ubongo umetoa jibu lisilo sahihi kuhusu mahali mwili ulipo na unavyokwenda.

Kwamba jibu hilo linaweza kupotoshwa kwa makusudi lilionekana wazi mwaka 1998, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walipochapisha jaribio jepesi kiasi kwamba linaweza kufanywa kwenye dawati la shule. Mtu huficha mkono wake halisi nyuma ya kizuizi, mbele yake unawekwa mkono wa mpira, kisha mikono yote miwili inapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi wengi huanza kuhisi mguso kwenye mpira, na mpira unakuwa "mkono wangu". Macho na ngozi vimekubaliana, na ubongo ukaandika kwamba mkono uko pale unapoonekana. Mwaka 2007 watafiti wa Ulaya wakaupeleka mchezo huo kwenye mwili mzima. Henrik Ehrsson aliwavisha watu miwani yenye skrini iliyowaonyesha mgongo wao wenyewe kutoka kwa kamera iliyowekwa nyuma yao, kisha akawagusa kifuani kwa fimbo huku fimbo nyingine ikisogezwa mbele ya kamera, chini kidogo, kana kwamba nayo inagusa kifua. Wakajisikia wamekaa kule nyuma, kwenye kamera, wakimtazama mtu fulani aliyekuwa wao wenyewe. Nyundo iliponyanyuliwa kupiga mahali pale patupu, ngozi zao zilitoa jasho la hofu. Mwaka huohuo Bigna Lenggenhager, Olaf Blanke na wenzao, akiwamo mwanafalsafa Thomas Metzinger, waliwaonyesha watu mgongo wao ukisuguliwa umbali wa hatua chache mbele yao. Baadaye waliposogezwa nyuma wakiwa wamefumbwa macho na kuambiwa warudi walipokuwa wamesimama, walivuka mahali pao wakaelekea upande wa mwili ule wa kwenye skrini. Hawa walikuwa watu wazima wenye afya, hawakuwa na homa wala hawakufunga, na hakuna aliyewaloga.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka wodini. Mwaka 2002 Blanke na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuhusu mwanamke wa miaka 43 aliyekuwa akichunguzwa kifafa mjini Geneva, Uswisi. Madaktari walikuwa wameweka elektrodi juu ya ubongo wake ili wajue degedege linaanzia wapi. Walipopitisha umeme mdogo upande wa kulia, nyuma kidogo ya sikio, mahali sehemu ya juu ya ubongo inapokutana na sehemu ya kando, alisema anazama kitandani, au anaanguka kutoka juu. Walipoongeza umeme kufikia miliampea tatu na nusu, alijiona amelala kitandani, anajitazama kutoka juu, anaelea kama mita mbili hivi, karibu na dari. Walipoacha akarudi, waliporudia akapaa tena. Jambo dogo katika simulizi lake linastahili kukaziwa macho. Hakujiona mwili mzima. Aliona miguu tu na sehemu ya chini ya kiwiliwili, na katika majaribio mengine ya pale pale alihisi miguu yake inafupika au inamjia usoni. Kama ni roho iliyotoka ikatazama chini kwa uhuru wake, hakuna sababu ya kuona nusu ya mtu. Lakini kama ni ramani ya mwili ndani ya ubongo iliyovurugwa kwenye sehemu ya miguu, ndivyo hasa tungetarajia. Miaka mingi kabla yake, daktari wa upasuaji Wilder Penfield wa Montreal alikuwa amekutana na mambo yanayofanana na hayo alipogusa ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Na si umeme wa hospitalini peke yake unaoyaleta. Mwaka 2018 Christophe Lopez na Maya Elzière walichapisha utafiti wa wagonjwa 210 wa kizunguzungu nchini Ufaransa: asilimia 14 walisema wamewahi kujiona nje ya miili yao, na kati ya watu 210 wasio na kizunguzungu waliosema hivyo walikuwa asilimia 5. Kile kifuko kidogo cha sikio la ndani kinachomyumbisha mvuvi kimerudi tena, safari hii kikiwa kando ya jambo ambalo watu wameliita roho.

Hapa ndipo hoja yenyewe ilipo. Tumchunguze huyu anayejiona kutoka kwenye kenchi. Anaona, kwa hiyo ana macho, na macho hayo yako mahali maalumu, yana mbele na nyuma, hayaoni kilicho nyuma ya ukuta. Anajua kwamba yuko juu na mwili uko chini, kwa hiyo bado ana kipimo cha mvutano wa dunia. Anajisikia mwepesi, na wepesi ni hali ya uzito. Kila alicho nacho kule juu ni mali ya mwili. Kama tukisema roho haina ukubwa wala uzito wala mahali, kama wanavyosema wanateolojia wengi, basi roho haihitaji kenchi la kuegemea, wala haina sababu ya kuchagua upande wa kitanda wa kutazamia. Kinachofanana kabisa na maelezo ya mgonjwa ni mwili wa kuhisiwa uliochorwa mahali pasipo pake, pamoja na macho yake, uzito wake na mwelekeo wake. Karibu miaka elfu moja iliyopita Ibn Sina aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu anayeelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, bado angejua kwamba yupo, na kwa hiyo nafsi si mwili. Ni hoja nzuri na imeheshimika kwa haki. Lakini tunachokiona katika wodi za Geneva ni upande wake wa pili. Taarifa za mwili zinapokatika au kugongana, mtu habaki nafsi tupu iliyotakata; anapewa mara moja mwili mwingine wa kubuni, mahali pengine, kwa sababu ubongo hauwezi kukaa bila kumweka mwenyewe mahali fulani.

Basi kwa nini simulizi hizi zisishangaze katika mkoa kama Mara? Malaria bado ipo, na homa kali huchafua taarifa zote nilizozitaja. Kifafa kipo, na wengi huishi nacho bila dawa wala jina sahihi la ugonjwa, kwa kuwa jamii imekiona kama laana. Kuna mikesha ya kufunga na kuimba hadi alfajiri, na mwili uliokosa usingizi huingia ndotoni ukiwa umesimama. Na kuna jinamizi. Kila Mswahili anajua neno hili: unaamka usiku, macho yamefunguka, huwezi kusogeza hata kidole, kuna kitu kimekaa kifuani kinakukaba, mlangoni kuna kivuli. Katika usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ya mwili ili tusiinuke tukatenda tunayoyaota. Ikitokea fahamu ikaamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa, mtu hujikuta yuko macho ndani ya mwili usiomtii, huku ndoto ikiendelea kumiminika chumbani. Hapo hapo misuli haileti taarifa za kawaida za mwendo na sikio la ndani lina hesabu zake za ndotoni, kwa hiyo kupaa, kuanguka na kujitazama kutoka juu ni vitu vya kawaida kwa waliokabwa. Utamaduni ndio unaokamilisha picha. Visiwani Zanzibar mwaka 1995 watu wengi walikimbia vyumba vyao wakalala nje makundi kwa makundi, na jina la kivuli kile lilikuwa Popobawa. Kwetu kandokando ya ziwa kivuli huvaa sura ya bibi wa jirani.

Mwenye akili atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zuri. Atasema: kuonyesha kwamba jambo lina njia ndani ya ubongo si kuonyesha kwamba jambo lenyewe halipo. Umeme ukigusa sehemu ya nyuma ya ubongo mtu huona mwanga. Je, kwa hiyo jua halipo? Labda ile sehemu iliyo nyuma ya sikio ni mlango tu, na umeme ulifungua mlango ambao roho hupita. Nakubali nusu ya kwanza ya pingamizi hili bila kusita. Njia ya ubongo peke yake haikanushi kitu. Lakini tunajua kwamba jua lipo kwa sababu lina ushahidi mwingine nje ya macho ya mtu mmoja: linakausha dagaa kwenye mawe ya Musoma hata kama wote tumefumba macho. Kwa hiyo swali la haki ni kama safari ya nje ya mwili nayo ina ushahidi wa namna hiyo, yaani kama anayepaa huleta habari ambayo mwili wake uliolala usingeweza kuipata. Mtu asiyekubali kuulizwa swali hili amejifungia mwenyewe nje ya mjadala, awe mwanasayansi au mchungaji.

Na swali limeulizwa. Sam Parnia na wenzake waliweka rafu ndogo karibu na dari katika vyumba vya hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria, na juu ya kila rafu picha isiyoweza kuonekana na aliye chini. Anayepaa kweli angeiona. Katika matukio 2,060 ya moyo kusimama, walionusurika na kuhojiwa walikuwa 140, na matokeo yalitoka mwaka 2014. Hakuna aliyeitaja picha hata moja. Nisiseme zaidi ya ninavyoruhusiwa na ushahidi: wengi wao walianguka mahali pasipokuwa na rafu, na mmoja, mwanamume wa miaka 57, alieleza kwa usahihi baadhi ya yaliyofanyika alipokuwa akifufuliwa, na hicho ni kisa kinachostahili kuheshimiwa. Lakini masikio huweza kufanya kazi wakati macho yamefungwa, na ubongo ulio hoi huunganisha sauti ulizozisikia na chumba unachokijua, ukachora picha kamili inayoonekana kama kumbukumbu ya macho. Mgonjwa aliyelala nyumbani kwake Bunda anaijua nyumba hiyo kuliko kiganja chake: anajua kenchi lilivyo, kitanda kilivyokaa, dada anasimama wapi kila anapomwuguza, na sauti ya kila anayelia. Kuona vyote hivyo kutoka juu hakuhitaji macho mapya. Wengine watasema: lakini yeye mwenyewe anasisitiza ilikuwa halisi kuliko hali ya kuamka. Ni kweli anasisitiza, na simpuuzi. Ila hisia ya uhalisi nayo hutolewa na ubongo uleule, na anayekabwa na jinamizi hana shaka hata kidogo kwamba kuna mtu kifuani pake.

Linabaki pingamizi linalowaumiza wengi kuliko yote: je, hii si njia ya kuiua dini? Sioni hivyo, na Mara yenyewe inanipa sababu. Wasabato, waliofika Majita na Ikizu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na walio wengi mkoani hadi leo, hufundisha kwamba mtu hana roho inayoweza kuchomoka ikatembea. Mtu mzima ni nafsi hai, na akifa analala bila kujua kitu mpaka ufufuo. Muumini huyo hakuwahi kuhitaji msafiri wa kwenye kenchi, na tumaini lake halipungui hata chembe akiambiwa kwamba safari ile ni hesabu ya ubongo iliyokosewa. Mkatoliki wa Nyegina aliyefundishwa kwa njia ya Thoma wa Akwino amesikia kwamba roho ni umbo la mwili, si abiria ndani yake. Mwislamu atanikumbusha Surat Az-Zumar, ambamo Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua usingizini. Naam, lakini anayechukua pale ni Mungu, na aya haisemi kwamba aliyelala husimama darini akajitazama. Kitu kilicho mkononi mwa Mungu hakipimwi kwa picha ya juu ya rafu, wala hakithibitishwi kwa simulizi ya mgonjwa. Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho kuhusu mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu miaka kumi na minne nyuma, mara mbili alisema hajui kama ilikuwa katika mwili au nje yake, akamwachia Mungu. Kwa mtume huyo hilo lilitosha.

Hata mapokeo ya Wazanaki hayabanwi na jambo hili kama tunavyodhani. Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 nyumbani kwa mtemi Burito Nyerere aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mtembeaji. Kisha kwa ushauri wa mwaguzi akapewa jina la Kambarage, pepo wa mvua. Katika fikra iliyotoa jina hilo, wasioonekana wako karibu, wana mahali pao mlimani na kwenye vichaka vya heshima, na wanaingia katika maisha ya walio hai kwa njia ya jina, mvua na wajibu. Mtu anaweza kuikubali fikra hiyo au kuikataa. Lakini haisimami wala kuanguka kwa sababu ya mgonjwa wa homa aliyejiona yuko juu, na anayeitetea kwa ushahidi huo ameipa nguzo dhaifu kuliko ilizokuwa nazo tangu mwanzo.

Nimeshikilia jambo hili kwa nguvu kwa sababu halikai vitabuni. Aliyejiona nje ya mwili wake usiku, njiani akamwona na jirani, anaweza asubuhi kulitaja jina la jirani huyo; na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wako wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya jikoni yakihesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ipo, lakini inafika ikiwa imechelewa, baada ya panga. Mbele ya wazee wa ukoo kinachopimwa kwanza ni neno "nilimwona". Neno hilo lichunguzwe pale pale, kabla halijageuka jina. Alikuwa na homa siku ngapi? Aliweza kusogeza mkono alipomwona? Amewahi kuanguka kifafa, ana kizunguzungu, anasikia mvumo sikioni? Yule bibi alimwona akiwa amesimama wapi, na je, hapo si ndipo amemwona amesimama kila siku ya maisha yake, kwenye ua uleule, na kanga ileile?